Vuli ya Mwalimu

Ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi Ijumaa jioni. Jumatatu kila mtoto wa chekechea alete kazi ya mikono kuhusu vuli, na kazi zote zitabandikwa ukutani siku ya wazazi. Nikajibu "sawa mwalimu" kama wenzangu. Nilifurahi, kitu ambacho mwaka huo kilikuwa kimenipotea.

Nilikuwa na miezi minane tangu nihamie mtaa wa Nguvumali. Mume wangu alikuwa amevuka mpaka wa Horohoro kwenda kufanya kazi Mombasa, anarudi akijisikia. Mama yangu yuko kijijini, Kigombe. Wanawake wa uani kwetu wananisalimia vizuri, kisha wanaendelea na maneno yao palepale walipoyakatia. Mtu wa kuongea naye nilikuwa na mmoja, ana miaka minne, na mazungumzo yake mengi ni kuomba maji.

Basi Jumamosi tukatandika mkeka barazani, mimi na yeye. Nikamwambia vuli ni zile mvua ndogo za mwisho wa mwaka, zinakuja, zinakatika, zinakuja tena. Nikakoroga gundi ya unga wa ngano. Mawingu tuliyafanya kwa sufi niliyoichomoa kwenye mto wa baba yake, maana haulaliwi. Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha mara moja, kumbikumbi wakatoka, na mbawa zao zilikuwa zimejaa chini ya taa ya barazani. Mwanangu akaziokota mojamoja akazibandika chini ya mawingu.

"Mama, wenyewe wako wapi?"

"Wamevua nguo wameingia ardhini."

Akacheka mpaka akakalia gundi. Chura tulimkata kwenye boksi la sabuni. Akataka avae viatu, tukamvisha viatu.

Nilishinda na mtu siku nzima. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo.

Jumatatu, pale mlangoni mwa darasa, mwalimu aliigeuza karatasi yetu, akaigeuza tena.

"Mama, hii ni nini?"

"Vuli."

"Hapana, mama. Vuli majani yanakuwa mekundu, yanakuwa ya njano, yanadondoka. Kwa Kiingereza, otam." Akanionyesha za wengine. Majani yenye ncha kama nyota, yamechapishwa steshenari, watoto wamepaka rangi tu. Na maboga yenye meno.

"Mwalimu, kwani kwenu wapi?"

"Pongwe."

"Na Pongwe vuli inadondosha majani?"

"Kamusi inasema otam ni vuli, mama. Mimi nafuata kitabu."

"Basi aliyeandika hiyo kamusi hajawahi kunyeshewa."

Mzazi mmoja nyuma yangu akacheka kwa pua. Mwalimu hakucheka. Alisema ukuta una mada moja, hii haiwezi kukaa, nikiwa na shida nimwone mkuu. Nikamwambia vuli nimeisoma kwenye jiografia mpaka kidato cha nne, na kabla ya hapo nimeipandia kunde na mama yangu, asinifundishe mvua ya kwetu kwa kitabu cha Wazungu. Niliyasema kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mwanangu alikuwa ameshika gauni langu. Sikumwangalia.

Mchana nikampigia baba yake. Nilitaka hasira zangu zipate mwenza.

"Wewe nawe, vita kila mahali," akasema. "Si ubandike hayo majani yaishe?"

Nikakata simu.

Jioni mtoto akaja na ile karatasi. "Mama, tuweke majani. Nataka na yangu ikae ukutani."

"Yako iko sahihi."

"Haina majani."

"Nimesema iko sahihi. Aliyekosea ni mwalimu."

Akasema polepole, vile mtu anavyoongea na mtu anayemwogopa: "Mama, usimgombeze mwalimu tena."

Nikavaa ndala, nikamshika mkono, tukatoka.

Nyuma ya msikiti kuna mti wa mkungu. Majani yake hupata wekundu moja hapa, moja pale, mwaka mzima, wala hayajui kitabu cha mtu. Tukaokota matano makubwa. Yalifunika mawingu, yakafunika mbawa, yakamfunika chura na viatu vyake. Nilibandika mimi, kwa mkono mzito, na gundi haikubagua kitu.

Kesho yake mwalimu aliipokea, akaibandika.

Siku ya wazazi mvua ilinyesha, bati likapiga kelele, hotuba haikusikika. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akainama. "Ya kwako ipi?"

Nikamwonyesha.

"Nzuri," akasema.

Nikafungua mdomo kumweleza kuna nini chini ya yale majani, lakini alikuwa ameshageukia simu yake. Mwanangu alikuwa kule mbele, katikati ya wenzake wawili, anawaonyesha ukutani kwa kidole. Hakugeuka kunitafuta.