Kichwa Chenye Pembe Sita

Mama Pacha aliingia kwenye chumba cha kufumia midoli kwa sababu mume wake alikuwa ameachishwa kazi, na chumba kilikuwa cha wifi yake, dada mkubwa wa mume. Wifi alimkubali kwa shingo upande. Alimwekea kiti karibu na dirisha, akampa sindano ya kroshia na karatasi ya maelezo, akasema mbele yetu sote: "Ijumaa mwenye duka anakuja kuchukua midoli. Kichwa utakachofuma kisipokuwa cha mviringo, kiti nitampa mwingine."

Mimi nilikuwa nikishona macho, meza ya pili, kwa hiyo niliona yote.

Siku ya kwanza alifuma kitu kirefu chenye ncha. Karatasi ilisema "ongeza", yaani mishono miwili ndani ya tundu moja, kisha "rudia hadi mwisho". Yeye aliongeza mara moja tu, akazunguka na mishono mitupu.

"Wifi, umetufumia karoti," wifi alisema. Akaifumua hapo hapo, uzi ukarudi mapajani kwa Mama Pacha umejikunjakunja.

Mama Pacha hakurudia kosa hilo. Kichwa kilichofuata kilikuwa na hesabu kamili ya mishono, mzunguko kwa mzunguko: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Wifi alikijaza pamba, akakisukuma kwa kiganja juu ya meza, maana ndivyo anavyovipima. Kikabingirika kidogo, kikakaa upande.

"Hiki kichwa au nati?"

"Ni kichwa, wifi."

"Basi leteni spana tumkaze shingo!"

Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka.

"Nimehesabu kama karatasi inavyosema," Mama Pacha alisema. "Mbona kina pembe sita?"

"Karatasi haina pembe. Mikono yako ndiyo ina pembe. Kamuulize mdogo wangu alikuokota wapi."

Alhamisi wifi alitoka kwenda kupokea uzi. Mama Pacha akainuka, akachukua rafuni kichwa cha dubu alichokifuma wifi mwenyewe, ambacho hakijatiwa pamba, akaanza kukifumua. Alivuta polepole, mshono kwa mshono, akigusa kila mahali palipoongezwa. Kwenye kichwa alichofuma yeye, nyongeza zote zilikuwa zimesimama moja juu ya nyingine, na hapo ndipo pembe zilipoota. Kwa wifi, hakuna iliyokaa juu ya mwenzake. Mzunguko wa nne, badala ya kuanza na mishono miwili kama karatasi, wifi alianza na mmoja, akaongeza, ndipo miwili miwili ikafuata kabla ya kila nyongeza, na mmoja uliobaki akamalizia nao.

Akaanza kukifuma upya. Wifi akaingia.

"Umefumua kazi yangu?"

"Nimeifumua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ulinipa karatasi nusu, wifi. Nusu nyingine ilikuwa humu."

"Toka kwenye kiti changu!"

"Nitatoka. Ngoja nimalize kichwa chako, usije ukasema nimekuharibia."

Hakutoka. Alikifuma hadi mwisho, akakijaza, akakiweka mezani. Wifi akakisukuma kwa nguvu. Kikabingirika meza nzima bila kusita, kikaanguka.

"Okota," wifi alisema.

"Aliyesukuma ni wewe."

Mwishowe wifi aliinama, akakiokota, akakipangusa vumbi, akakitupia kwenye kapu la mwenye duka.

"Kesho uje mapema," alisema bila kumtazama. "Na hicho kiti ukisogeze, unaniziba mwanga."

Hawajapatana hadi leo. Wakipitishiana mkasi, wanauweka mezani kwanza. Lakini mgeni mpya anapopewa karatasi ileile, Mama Pacha humwambia kwa sauti, wifi akisikia: "Mzunguko wa nne anza na mmoja. Wa sita anza na miwili. Hayo hayajaandikwa."

Wifi huinamia sindano yake, kama hayupo.