Okoth na Jogoo wa Sabato

Okoth, karani wa Kisumu, alikuwa na dini moja tu: tumbo. Kila Jumamosi alifunga safari kwenda kula mahali. Siku hiyo, mwaka 1972, mwenzake wa ofisini, Momanyi, alikuwa amemwalika kwao Marani ale jogoo kwa ugali wa wimbi. Akafika asubuhi bila kunywa hata chai, ili tumbo liwe na nafasi.

Momanyi hakumwambia kwamba kwao ni Wasabato, na siku ya Sabato jikoni hapapikwi kitu mpaka jua litue. Okoth akaandaliwa ndizi zilizochemshwa Ijumaa, baridi kama maji ya mtoni, huku jogoo mwenyewe akipita mbele yake akidonoa, mzima wa afya. Mchana kutwa Okoth alikaa uani akilikodolea macho jua, kana kwamba angelivuta chini kwa kamba.

Mama Momanyi aliguswa sana. Jua lilipogusa kilima, akaita watu wote.

“Huyu mgeni anaipenda Sabato jamani, hataki imponyoke! Mwanangu, tufungie siku kwa maombi. Omba taratibu, hatuna haraka.”

Watu wakainamisha vichwa. Kabla hawajafumba macho sawasawa wakasikia, “Amina!” na papo hapo jogoo akipiga mayowe mikononi mwa mgeni.