Orodha ya Ghorofa ya Tatu

Wakala alinionyesha picha kwenye simu yake, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba changu. Kilikuwa kwenye kona ya chini, kimeubana ukurasa usijikunje, kucha ina rangi ya zambarau iliyobanduka nusu. Kabla sijasoma hata jina moja nilijua picha ile imetoka kwa nani, kwa sababu nilikuwa nimemtumia mtu mmoja tu.

Nianze na moto, maana bila moto nisingekuwa katibu wa chochote.

Tulikuwa tunaishi Al Mankhool, Dubai, ghorofa ya tatu, flati nne zilizogawanywa kwa mbao nyembamba hadi sebule ikawa vyumba vitatu. Mbili za wanawake, mbili za wanaume. Kila mtu alikodi kitanda chake kwa wakala, aliyependa kuitwa arbab, yaani bwana mwenye mali, ingawa jengo halikuwa lake. Alasiri moja ekstensheni iliyobeba birika, pasi na chaja za watu sita iliyeyuka chini ya kitanda cha dada mmoja Mganda, godoro likashika. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Mtu alikata umeme, mwingine akaleta ndoo ya maji ya kufulia, ukaisha. Kilichotutisha ni mlango wa dharura mwisho wa korido. Tulikimbilia pale huku moshi unatufuata, tukaukuta umefungwa kwa mnyororo na mbele yake pamesimamishwa friji mbovu mbili. Wakala aliufunga ili tusipitishe wageni wa kulala kupitia ngazi za nyuma.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Dukani kwetu Al Rigga nakunja abaya moja mara tano mpaka madam aniambie khalas, inatosha. Baada ya siku ile kila nikifumba macho niliuona mnyororo. Nikaanza kujifundisha mwenyewe kwa simu, wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya maboksi stoo. Nilitazama jinsi watu wanavyotoka kwenye jengo, moshi unavyopanda, namna ya kushika mtungi wa kuzimia moto. Sikuwahi kusomea jambo lolote zaidi ya kidato cha nne, na labda ndiyo sababu nilitaka hili nilijue lote, bila kosa.

Rafiki yangu, msichana tuliyekuja naye kutoka Kenya ndege moja, alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi. Yeye alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na daftari. Aligonga milango yote minne. Haikuwa kazi rahisi, maana kila flati ilikuwa kama nchi yake. Kulikuwa na wanaume wa Mombasa waliopakia mizigo bandari ya Al Hamriya, walinzi wa kutoka bara, Waganda, Watanzania, na mama mmoja wa Kizanzibari tuliyemwita Bi Mkubwa, fundi wa kushona, aliyeishi Dubai miaka mingi kuliko umri wangu. Rafiki yangu aliwakalisha wote koridoni Jumapili moja, akawachekesha, na kikao kikaisha tuna umoja.

Na sisi Wakenya hatuwezi kuwa na umoja bila mwenyekiti, katibu na kumbukumbu za mkutano. Tulifungua kwa dua na sala, tukafunga kwa sala na dua. Kila kikao nilisoma yaliyoandikwa kikao kilichopita, mmoja akathibitisha, mwingine akaunga mkono. Waganda walituona vichekesho. Lakini kazi ilifanyika. Friji ziliondolewa. Tukapanga zamu ya kukagua soketi kila asubuhi, tukafanya mazoezi ya kutoka kwa kushika ukuta na kukusanyika mbele ya bakala, duka dogo la chini. Mpakiaji mmoja alipozidiwa na joto bandarini, zamu ile ile ilimpeleka kliniki na kumpikia uji siku tatu. Kilichobaki kilikuwa mnyororo, ambao wakala alikataa kuutoa, na hesabu ya vichwa.

Hesabu ilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimejifunza kwamba watu wakishatoka nje lazima wahesabiwe, ili ijulikane nani amebaki ndani. Nikachora ramani ya ghorofa mara saba. Nikaandika kila kitanda na anayekilalia, pamoja na wale ambao wakala hakuwajua, waliolala kwa kubanana, na wawili ambao viza zilikuwa zimeisha. Mtu wa bandarini, mcheshi wetu, aliniambia, "Dada katibu, andika pia kuwa mimi nakoroma, moshi ukizidi mnifuate kwa sauti." Tukacheka.

Bi Mkubwa hakucheka. Yeye alikuwa na pembe yake kando ya dirisha, ndiyo pembe pekee yenye dirisha flati nzima, na nyuma ya cherehani alikuwa amemfichia mpwa wake aliyekimbia nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Alinisubiri watu watawanyike.

"Mwanangu, na huyu naye lazima aandikwe?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia asiyekuwemo kwenye karatasi, siku ya moto hakuna atakayemtafuta. Nilikuwa na uhakika wa mtu aliyejifunza jambo kwa simu miezi michache.

Alinitazama, akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Basi muandike. Lakini ujue nimemueka kwako, sikumueka kwenye daftari."

Nilimwandika. Nilitumia rula.

Sasa nikiri. Daftari lile sikutakiwa kulionyesha mtu. Tulikubaliana likae kwangu, chini ya mto. Lakini nilipomaliza lilikuwa zuri sana. Mistari ilikuwa imenyooka, majina yamepangwa kwa vitanda, hakuna palipofutwa. Nilitaka mtu alione. Nikapiga picha nikamtumia rafiki yangu, ambaye tayari alikuwa anawajua watu wote wale, na nikakaa nikisubiri sifa kama mtoto wa shule. Akajibu, "Wewe ni moto." Nikafurahi siku mbili.

Siku ya tatu wakala akapanda na wanaume wawili. Alikuwa na picha. Alikwenda kitanda kwa kitanda, bila kuuliza, kama mtu anayefuata ramani, na ramani ilikuwa yangu. Alipofika kwenye cherehani alivuta pazia kabla Bi Mkubwa hajasimama. Wote ambao hakuwajua aliwaambia wawe wameondoka ifikapo Ijumaa, la sivyo atawaita watu wa viza. Bi Mkubwa alimwambia mpwa wake akunje shuka. Mimi alinionyesha tu ile picha, hakunisemesha. Mwandiko aliujua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwandikia risiti za kodi za wateja wake.

Nilimngoja rafiki yangu kwenye ngazi hadi akarudi kutoka kazini, bado amevaa sare. Niliandaa maneno tangu mchana, nikayarudiarudia, na yote yakanitoka. Nikamuuliza tu kama ni yeye.

"Ni mimi," akasema. "Na kabla hujalia, enda uangalie mlango."

Nikaenda. Mnyororo haukuwepo. Nikausukuma mlango ukafunguka, upepo wa joto ukanipiga usoni, nikaziona ngazi za nyuma kwa mara ya kwanza. Nakiri tena: kwa muda mfupi, moyo wangu ulifurahi.

Alikuwa amenifuata. Alinieleza kwa utulivu, kama anavyowaeleza wageni pale ofisini kwake kwamba lifti imeharibika. Wakala alifunga mlango kwa sababu ya wageni wa siri. Akishawajua wageni, hana haja ya mnyororo. Miezi minne tumeomba, tumeandika, tumesali, mlango haujafunguka. Yeye ameufungua kwa picha moja.

"Si ndicho ulitaka, sista? Watu wasichomeke?"

"Wale si watu?"

"Wale watapata kitanda kwingine. Sisi tulio kwa hesabu halali ndio tungekufa."

Nilibaki nikifikiria kwamba ametumia maneno yangu, hesabu, orodha, mlango, yote niliyomfundisha jikoni tukikaanga sukumawiki. Karibu nimwamini. Nadhani ningemwamini kabisa, na tungekuwa marafiki hadi leo, kama si kilichofuata. Ijumaa Bi Mkubwa aliondoka na mpwa wake, cherehani imefungwa kwa mablanketi. Nilijaribu kumbebea begi. Akalivuta taratibu mkononi mwangu, akasema, "Nshalizoea." Jumapili rafiki yangu alihamia pembe ya dirisha. Wakala alikuwa amemfanya msimamizi wa ghorofa.

Jumapili hiyo hiyo nilitoa kiti changu koridoni saa ya kikao, nikafungua daftari. Nilikaa saa nzima. Nilisikia televisheni, nikasikia mtu akicheka nyuma ya mbao, na mlio wa soketi ambazo hakuna aliyezikagua tangu wiki ile. Majirani waliamini tulishirikiana, rafiki yangu na mimi. Ningeweza kugonga mlango mmoja mmoja na kueleza, lakini ningeanzia wapi? Picha ilikuwa na kidole changu.

Mwezi uliofuata, mchana, mafuta yalishika moto flati ya kwanza. Moshi ukajaa. Watu walitoka haraka na vizuri, kupitia mlango wa dharura, wengine wakishika ukuta kama tulivyofanya mazoezi, tukakusanyika mbele ya bakala kama tulivyopanga. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokichora. Nikanyanyua kidole nikaanza kuhesabu, nikasogea katikati yao ili nisimrudie mtu.

Mtu wa bandarini, yule wa kukoroma, akaja akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Dada, usituhesabu."

Wengine walikuwa wameshaanza kugeuka, kila mmoja akajichanganya na wapita njia, hadi sikuweza kujua nani ni wa ghorofa yetu. Nikashusha mkono. Nilikuwa nimefika kumi na saba. Nikabaki nimesimama juani, nikiutazama mlango wa chini wa zile ngazi za nyuma, nisijue kama ndani bado kuna mtu.