Kazi ya Nyumbani ya Mama Adabu

Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ofisini tu. Shule nzima, kuanzia mpishi hadi mwalimu mkuu, ilimwita Mama Adabu. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha darasa la pili somo la Dini, Maadili na Utamaduni, na namna alivyolipata hakupenda kuisimulia. Siku walimu walipogawana vipindi, yeye alituma ujumbe kwamba amefiwa na shangazi yake. Wenzake wakachukua hesabu, lugha na sayansi, wakambakizia maadili. Muhula uliofuata shangazi alikuja shuleni mwenyewe, mzima kama chuma, kufuata funguo za nyumba.

Mimi nilifundisha hesabu chumba cha pili. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo maadili yangu mengi niliyapata bila kutaka.

"Mtoto mwema?" angeuliza Mama Adabu.

"Hamnyooshei mtu kidole!" wangeitikia watoto arobaini na wanane, mpaka bati linatetemeka. Yeye wakati huo amewanyooshea rula.

Ukutani alibandika picha aliyoichora kwa mkono wake, ya mtoto akimpokea bibi mzigo. Bibi alitoka na vidole sita mkono mmoja. Watoto wale wale walikuwa wanajifunza kuhesabu kwangu, na picha hiyo ilinipa tabu sana.

Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Mtoto akijikojolea darasani, Mama Adabu alimwaga chupa yake ya maji pale pale chini, akapiga kelele, "Jamani, nimemwaga maji, mikono yangu hii!" Hakuna mtoto aliyechekwa katika darasa lile. Huo ndio uongo wake pekee nilioupenda.

Basi Jumatatu moja tukatangaziwa kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi. Mama Adabu alikuwa hajaandaa chochote tangu muhula ufunguliwe. Akakuna kichwa, akaingia darasani na kazi ya nyumbani.

"Nendeni mkasikilize watu wakiongea," aliwaambia. "Kila mmoja aniletee neno moja alilolisikia ambalo si kweli. Alhamisi mtasoma mbele ya mgeni."

Nilimfuata chumba cha walimu. "Dada, hiyo kazi umeitazama vizuri?"

"Watoto wa miaka minane hao," alinijibu huku anakoroga chai. "Wataleta nini? Paka ameongea, basi."

Jumatano alifungua kabati, akatoa vitabu vipya vya somo lake vilivyokaa humo miaka miwili, akavigawa. Kisha akawakaririsha watoto la kusema wakiulizwa.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa tano kasoro robo, amechomekea, anahema. Alikaa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu, pembeni ya msichana mdogo mwenye miwani ambaye wenzake walimwita Karani, maana aliandika kila kitu. Mimi na mwalimu mkuu tulisimama mlangoni.

Mtoto wa kwanza akasimama na daftari. "Bosi alimpigia baba simu. Baba akasema yuko njiani. Alikuwa kitandani."

Mkaguzi akacheka. Wa pili akasoma: "Mama alimwambia mama mkubwa gauni lake limempendeza. Tulipofika nyumbani akasema amefanana na pazia." Mkaguzi akavua miwani afute machozi. Mama Adabu akaanza kutabasamu kama aliyepanga yote.

Halafu akasimama Karani.

"Mwalimu alisema tukiulizwa, tujibu kwamba vitabu hivi tunavisoma kila siku. Tumevipata jana."

Mwalimu mkuu akakohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na ugonjwa.

"Nina kingine," Karani akaendelea. "Mgeni ameandika kwenye karatasi yake kwamba amefika saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu tulikuwa na hesabu. Sasa hivi ni saa tano." Akaonyesha saa ya ukutani. Kusoma saa nilikuwa nimewafundisha mimi wiki iliyotangulia, kwa hiyo hapo nilitazama viatu vyangu.

Mkaguzi akafunika karatasi kwa kiganja. "Mtoto huyu hana adabu kabisa," akasema.

"Mtoe nje," mwalimu mkuu alimwambia Mama Adabu. "Akirudi aombe radhi."

Barazani Mama Adabu aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. "Mwombe mgeni samahani."

"Kwa kosa gani, Mwalimu?"

Miaka kumi na tisa ya maadili, na sasa ilimbidi atafute kosa. Mwishowe akasema, "Kwa kusoma karatasi ya mtu bila ruhusa."

Karani akafikiri. "Hilo kweli nimefanya." Akarudi ndani, akasimama wima, akasema kwa sauti ya kusomea, "Samahani mgeni, nilisoma karatasi yako bila ruhusa ulipokuwa unaandika saa mbili na nusu."

Ripoti ilikuja baada ya wiki. Ilisema somo linafundishwa vizuri sana, vitabu vinatumika, na ukaguzi ulianza saa mbili na nusu.

Kilichonishangaza ni Mama Adabu. Alipoagizwa arudishe vitabu kabatini, alikataa. Akawaruhusu watoto waende navyo nyumbani.

"Vikichafuka, mkaguzi mwingine tutamwonyesha nini?" mwalimu mkuu alimfokea.

"Tutamwonyesha vitabu vilivyochafuka," akajibu.

Hapo wazazi wakaja, kumi na mmoja kwa mpigo. Wa mbele alikuwa yule baba wa kitandani, na mama wa pazia alikuwa nyuma yake. Walilalamika kwamba watoto wao wameharibiwa, kwamba sasa nyumbani mtu hawezi kuongea na simu akiwa na raha. Walitaka somo la maadili lifundishwe kama zamani, kwa kuimba. Mwalimu mkuu aliwaelewa sana. Kabla wiki haijaisha, Mama Adabu alihamishiwa Michezo, na maadili yakachukuliwa na mwalimu mkuu mwenyewe.

Sasa yuko uwanjani na filimbi shingoni, anafundisha kuruka kamba. Analalamika jua, analalamika raba zinambana. Ijumaa iliyopita aliniomba nimwambie mwalimu mkuu kwamba mgongo unamuuma, hawezi kufundisha.

"Unakuuma kweli, dada?" nilimuuliza.

Aliupapasa mgongo.

"Kidogo," akasema.