Kizingiti cha Baba

Watu walimwita Taratibu. Walimtania kwamba ukimwagiza mlango wa harusi yako, atakuletea mwanao akioa. Alicheka nao, kisha akaendelea kuchonga. Kazi alifundishwa na baba yake, na mlango wa nyumba yao, wenye maua yaliyosokotana toka kizingiti cha juu hadi chini ya miimo, ndio uliokuwa shule yake.

Baba alipokwisha kufa, kaka mkubwa akapata mnunuzi. Mnunuzi huyo nyumba hakuitaka, alitaka mlango tu, akapambe ukumbi wake. Taratibu alikataa, akanuna wiki nzima, lakini mkubwa ni mkubwa. Vibarua walipofika na mitaimbo, moyo ukamshinda. Akawaambia wakae kando, atautoa mwenyewe, maana mle hamna msumari hata mmoja, ni vigingi vya mti vitupu, na asiyejua atapasua kila kitu.

Alianza asubuhi. Alichomoa kigingi kimoja kimoja kama anayemtoa mtoto mwiba. Alasiri kizingiti kilipotoka ukutani na kugeuzwa, mnunuzi, aliyekuja kuuchukua mlango, aliinama akakibonyeza. Kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamekula mgongo wote, yale maua yakabaki ganda tu. Mnunuzi akajifuta kidole kwa leso, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Walijaribu kukirudisha. Kikawavunjikia mikononi, vipande vitatu.

"Wewe ndiye fundi," kaka yake akasema. "Ulikuwa hujui?"

Taratibu aliokota kipande kimoja, akakigeuza upande wa nyuma. Alikuwa hajui. Tangu utoto alikuwa akipita pale akiutazama mlango kwa mbele tu.

Mama yao, ambaye macho yalishamtupa mkono, aliuliza mbona upepo unamfuata hadi kitandani. Taratibu akamwambia mlango umepelekwa kutengenezwa.

"Anautengeneza nani?"

"Mimi, mama."

"Basi sina wasiwasi," mama akasema, akageukia ukutani.

Wiki hiyohiyo kaka mtu akatia mlango wa bati. Taratibu aliendelea kwenda karakana kila siku, akakaa kwenye benchi, tezo ya kuchongea mapajani, mpaka adhuhuri. Mteja aliyeagiza kabati alikuja mara tatu, akazikuta mbao zilivyokuwa, hazijaguswa. Mara ya nne hakuja.