Asia Mchopa na Vijiti Vinne

Mimi ni nesi wa zahanati ya kijiji kimoja jirani na Kilambo, mkoani Mtwara, na ninayemsimulia ni Asia Mchopa, fundi wa minara ya simu. Nina hasira tangu naanza, kwa hiyo msitegemee maneno matamu.

Asia ni mtoto wa Magomeni, Mtwara mjini. Baba yake alikuwa fundi redio, na kazi ya Asia utotoni ilikuwa kupanda juu ya paa kugeuza antena huku mzee akimwelekeza kutoka chini: rudisha kidogo, hapo hapo, usiguse tena. Alisoma chuo cha ufundi, akaajiriwa kupanda minara. Watu walimshangaa, hijabu ndani ya helmeti, tena na suruali. Hakuwa na muda nao.

Kijiji chetu kiko katikati ya minara mitatu, na yote ilikuwa ikitoa mawimbi kwa nguvu zote. Ukipiga simu unasikia kukwaruza, haloo mbili, imekatika. Siku moja Asia alikaa zahanati akanywa chai, akanieleza.

"Nesi, kila mnara una antena nyingi ndogo. Zikipangwa, zinamwelekezea mawimbi mtu wao na kumkwepa mtu wa mnara wa jirani. Sasa hivi kila mmoja unapiga kelele tu."

Ofisini kwao walitaka kompyuta moja huko Dar iamulie minara yote. Asia akawaambia amri ikifika huku mpiga simu keshahama. Yeye alitaka kila mnara ujipangie wenyewe, na kuambizana na jirani zake jambo moja tu: kelele zako zinamuumiza mtu wangu kiasi gani. Miaka miwili walimjibu, "We Asia, panda minara, hesabu tuachie sisi." Wajinga wakubwa. Mwishowe wakampa miezi mitatu ya majaribio.

Ilikubali. Nilikuwa naongea na daktari wa mjini namsikia mpaka anavyopumua.

Lakini minara ilipopunguza kelele, vile vijiti vya mtandao kwenye simu vilishuka kutoka vinne hadi viwili. Kijiji kizima kikaanza kulalamika: huyu mwanamke katuibia mtandao. Asia akaja kwenye mkutano, akasema vijiti vinaonyesha ukubwa wa sauti, havionyeshi kama unasikika. Wakamzomea. Mimi, mtu niliyeelezwa yote hayo juu ya kikombe cha chai, nikaangalia simu yangu, nikaona vijiti viwili, nikaamini vijiti. Barua ya malalamiko niliandika mimi kwa mwandiko wangu, na jina langu likawa la kwanza. Watu mia moja na kumi na wawili waliweka sahihi au dole gumba.

Ofisi ilifurahi kweli. Wiki ile ile wakarudisha nguvu zote, na Asia wakamhamishia mbali. Tukapata vijiti vyetu vinne, tukapongezana.

Mwezi uliofuata, saa nne asubuhi, Mwanahamisi, mke wa Sudi, alijifungua kwangu zahanati akaanza kutokwa damu isiyokata. Nilifanya yote ninayoyajua. Nikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Vijiti vinne. Ikakatika. Nikapiga mara kumi na moja, vijiti vinne vimejaa, nasikia kukwaruza tu. Nikamtuma mtu wa bodaboda. Gari lilipofika, Mwanahamisi alikuwa ameshafariki, na mtoto analia kwa bibi yake.

Nilipiga simu ofisini kwa akina Asia kutoka mjini nikawatukana. Wakanijibu kwa upole kwamba mabadiliko yalitokana na maombi ya wananchi, na kama wananchi wanataka vingine, waandike tena.

Basi nikaandika. Nikaomba vijiti vipungue na Asia arudishwe. Kutafuta sahihi, nyumba ya kwanza nikaenda kwa Sudi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Nikamweleza yote, kwamba Asia alituambia ukweli, na kwamba barua ile niliiandika mimi.

Nilitaka anitukane, ningepata nafuu.

"Dada nesi," akasema, "na mimi niliweka dole. Mwanahamisi mwenyewe aliweka, chini ya langu."

Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akaninyooshea kidole gumba nikipake wino.