Honorable Anataka Ushuhuda wa Mama Délice

Michée alimkuta Florentine sokoni Mulongwe, amekaa nyuma ya beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, anafukuza nzi kwa kipande cha karton. Michée ni mtu mzima mwenye kitambi, na kazi yake ni kumkusanyia watu Honorable Bonaventure, mbunge wa jimbo, kila uchaguzi unapokaribia. Mtu wa namna hiyo haji kununua mafungu ya ndagala ya jioni. Florentine alimtazama viatu, akaona havina tope hata kidogo, akajua ameletwa na gari.

"Mama Délice, Honorable anakusalimia."

"Ananijulia wapi?"

"Anakujua. Jumamosi iko mukutano Kavimvira. Anataka usimame, useme maneno kidogo. Zile za bangi."

Wanawake wawili waliokuwa wakipigiana kelele pembeni wakanyamaza. Ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu tangu Florentine atoke gerezani, lakini neno hilo likitajwa karibu naye watu bado walinyamaza hivyohivyo, kama wanaopisha maiti.

Michée akachuchumaa. Alieleza kwamba Honorable amefikiri sana na ameona akina mama wabebaji hawana kosa kubwa. Akirudishwa katika bunge la jimbo ataweka sheria: mbebaji asifungwe tena, atafutwe mwenye mali. Ila watu wanataka kuona mfano. Kwa hiyo Florentine asimame, aseme alibeba bangi, alikosa, ametubu, na Honorable amemsamehe.

"Halafu Mama Agathe anakupatia karte yako palepale, mbele ya watu bote."

Florentine aliacha kufukuza nzi. Agathe ndiye mkubwa wa ushirika wa akina mama wanaovuka mpaka kwenda Burundi. Mwenye karte, yaani kadi ya ushirika ule, anapita na mzigo wake mdogo bila kusumbuliwa sana. Asiye nayo anatozwa kama mfanyabiashara mwenye lori. Florentine alivuka miaka kumi na mmoja akiwa na karte, na kwa mawese aliyouza ng'ambo alijenga vyumba viwili vya tofali. Siku alipofungwa, jina lake lilifutwa. Sasa aliuza ndagala kwa mafungu, na mafuriko ya mto yalikuwa yamechukua chumba kimoja.

"Nitafikiri," alisema.

"Unafikiri nini, mama? Hii iko baraka."

"Baraka haina haraka hivyo."

Michée akacheka, akanunua fungu moja. Hakuomba nyongeza. Hilo nalo Florentine hakulipenda.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Pale kwenye kizuizi cha mpakani, Kavimvira, akina mama walikuwa na desturi ya kuvukishiana. Mzigo wa mtu ukizidi kile anachoruhusiwa, anaugawa kwa wenzake, kila mmoja anapita na kifurushi, na ng'ambo vinarudishwa kwa mwenyewe. Leo unanivukishia, kesho nakuvukishia. Na kifurushi cha mwenzako hukifungui. Kukifungua ni kumwambia machoni kwamba yeye ni mwizi. Kwa miaka kumi na mmoja Florentine hakufungua kifurushi cha mtu.

Asubuhi aliyokamatwa, Chérie, rafiki aliyekuwa amemshikia mtoto wakati wa ubatizo, alimpa furushi la unga wa muhogo lililofungwa kwa kitenge. Askari alilitoboa kwa chuma chenye ncha. Katikati ya unga palikuwa na bangi iliyoshindiliwa kama tofali. Florentine aligeuka kumtafuta Chérie. Chérie alikuwa ametazama ziwa.

Florentine alimtaja. Alimtaja mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Askari aliandika kwa Kifaransa, akamsomea kwa Kifaransa, akamshika kidole gumba na kukikandamiza kwenye karatasi. Mbele ya hakimu ndipo alipoambiwa kwamba karatasi ile ilisema mzigo ni wake. Alikaa gerezani miezi saba. Mume wake alimletea chakula mara mbili, kisha akahamia kwa mwanamke mwingine kule Runingu, akatuma mtu kusema kwamba hawezi kulala na jina la aibu.

Na Honorable je? Katika uchaguzi uliotangulia, kabla ya yote hayo, alipanda juu ya gari na kusema kwamba atakayekamatwa na bangi aozee ndani, awe mwanamume, awe mwanamke mwenye mimba. Watu walipiga makofi. Florentine pia alipiga.

Kwa hiyo usiku ule hakuwaza kama Honorable amebadilika. Aliwaza amebadilishwa na nini. Asubuhi alikwenda kwa kaka yake Ildephonse, katekista, mtu aliyesoma na anayependa kuonyesha kwamba amesoma.

"Minye nilimusikia Runingu mwezi huu," Ildephonse alisema. "Kule watu wanapanda mashina mawili ya bangi nyuma ya jiko, wanawapa kuku wakiugua. Akawaambia dawa ya kuku haina kosa. Juzi kwa wachungaji akasema ni mutego wa shetani, hata jani moja. Sasa kwenu Kavimvira, kwa sababu wenye kura ni bamama wa mpaka, bamama hawana kosa."

"Hiyo sheria ataiweka kweli?"

"Ataiweka na nini? Yeye iko mbunge wa jimbo. Mambo ya kufunga watu yanaamuliwa Kinshasa. Anakuahidi ng'ombe wa jirani."

"Na karte?"

"Karte iko ya kweli. Agathe anaweza kuitoa. Dada, sema hayo maneno, uchukue karte. Ni maneno tu."

"Ni maneno yale yale ya karatasi, kaka. Tofauti safari hii nitayasema kwa mudomo wangu."

"Watu wanasema hivyo tayari. Utapoteza nini?"

Florentine alijifunga kitenge upya, akatoka akiwaza. Watu kusema ni jambo moja. Binti yake Délice kumsikia mama yake mwenyewe akisema ni jambo lingine. Délice ndiye mtu pekee aliyemwamini bila kuuliza.

Jumamosi alivaa kitenge chake kizuri na kwenda. Kwenye viti vya mbele, chini ya turubai, walikaa wakubwa. Agathe alikuwa na bahasha mapajani. Na karibu na Honorable, amevaa nguo yenye picha ya Honorable kifuani na mgongoni, alikaa Chérie. Florentine aliuliza mwanamke wa jirani.

"Hujui? Ndiye mukubwa wa bamama wa chama. Yeye njo alisema utafutwe. Alisema anakuhurumia."

Ndipo Florentine alipoelewa haraka yote ile ilitoka wapi. Akikiri yeye mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya watu mia tatu, furushi lile halitakuwa tena na mwenyewe mwingine milele.

Alipoitwa alitembea polepole. Michée alimpa kipaza sauti na kumnong'oneza, "Fupi, mama. Nilibeba, nilitubu."

"Minye ni Florentine, mama ya Délice," alianza. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye spika, ikamshtua, akasubiri. "Nilikamatwa na bangi pale kizuizini. Ilikuwa mu kifurushi nilichovukishia mwenzangu. Bamama wa hapa munajua kuvukishiana. Sikufungua. Nani kwenu anafunguaka?"

Vichwa viliinama.

"Honorable anasema atatafuta wenye mali, wabebaji waachwe. Neno zuri. Basi nimusaidie, asichoke kutafuta. Mwenye mali amekaa kiti cha tatu toka kwake. Ni Chérie. Nilisema kwa askari, nikasema kwa hakimu. Leo nasema kwa Honorable. Tuone."

Chérie alisimama, akasema, "Muongo, mufungwa weye," akakaa tena. Watu walianza kuguna. Honorable alichukua kipaza sauti, akatabasamu kama mtu anayepokea mtoto aliyemkojolea.

"Mama ana uchungu, tumuelewe. Mambo kama haya yana ofisi yake. Atakuja ofisini tutazungumza."

"Ofisi gani, Honorable?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma. Muziki ukawashwa.

Agathe aliirudisha bahasha katika mkoba wake. Florentine aliona, akaondoka kwa miguu mpaka Mulongwe. Kwa siku nne aliuza ndagala akingojea askari. Kila pikipiki iliyosimama aliitazama. Hakuja mtu. Baadaye Honorable alichaguliwa tena, na tangu siku ile hakusikika akitaja bangi, si ya wabebaji wala ya kuku. Chérie hakuulizwa lolote na serikali.

Alhamisi ile, siku ya tano baada ya mkutano, Agathe alifika nyumbani peke yake. Alikataa kiti, akatoa bahasha.

"Karte yako."

Florentine hakunyoosha mkono. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Bamama wamekaa jana. Saba wamesema na wao waliwahi kuvukisha vifurushi vya Chérie, wakati ule ule. Mungu tu hakutaka vitobolewe na chuma. Tumemutoa mu ushirika."

"Saba? Na miezi saba yote nikiwa ndani walikuwa wapi?"

Agathe akatazama chini. "Waliogopa, Mama Délice. Na minye niliogopa."

"Unataka niseme nini?"

"Usiseme kitu. Uje Jumatatu, tuvuke."

Agathe alipoondoka, Florentine, ambaye hakujua kusoma, alimwita Délice asome karte, mbele na nyuma, pamoja na maandishi madogo ya muhuri. Palikuwa na jina lake, mwaka wa kuzaliwa na mtaa, basi. Akaifunga katika ncha ya kitenge, akaenda nayo kwa Ildephonse, na hakumwambia kaka yake kile Délice alichosoma.

"Soma," alimwambia. "Yote. Usiruke kitu."

Ildephonse akasoma. Yalilingana na aliyosoma Délice. Akamrudishia, Florentine akasimama pale mlangoni, akiishika kwa kingo bila kuigusa kwa kile kidole gumba.